Cheti nimepata, orodha ya vifaa vya kuzamia ni ndefu kuliko mbizi zangu. Nianze na kipi?

#1 MgeniWaKina

Wakuu, salaam.

Nimemaliza kozi ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi. Cheti changu kinaniruhusu hadi mita 18, na kwenye daftari nina mbizi 6 tu, 4 kati ya hizo ni za kozi yenyewe. Sasa ugonjwa umenishika. Usiku silali, naangalia picha za regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, kama mtu anayechagua mchumba.

Orodha yangu imefika hapa: maski, snokeli, mapezi, wetisuti (suti ya kuzuia baridi), BCD (jaketi la kujaza hewa ili uelee), regulata, kompyuta ya kuzamia, mtungi, kisu kikubwa cha kufunga mguuni, tochi, kamera. Akiba niliyo nayo inatosha seti nzima ya bei ya chini, au vifaa viwili vitatu vya maana. Mwalimu wangu alisema nunua vyako mapema, kifaa cha kukodi hakikujui. Rafiki yangu mwenye mbizi nyingi anasema kodi kila kitu hadi ufikishe mbizi 50. Wote wawili nawaheshimu na wote wawili wananichanganya.

Wenye uzoefu, nielekezeni.

#2 Pono

Kisu cha mguuni cha nini mkuu, unakwenda kupigana na papa? Kinachonasa wazamiaji ni uzi wa mshipi na vipande vya wavu. Tafuta mkasi mdogo au kile kikata-uzi cha kufunga kwenye mkanda, mahali ambapo mkono wowote unafika. Ukinaswa mguu, kisu kilicho mguuni nacho kimenaswa.

Kamera futa kabisa. Mtu wa mbizi 6 akishika kamera anasahau geji ya hewa, anasahau mwenzake, anakanyaga matumbawe. Picha zenyewe zinatoka za kijani.

#3 FundiOringi

Mgeni karibu. Kazi yangu ni kufungua regulata za watu na kubadilisha vilivyochakaa ndani, kwa hiyo ungetegemea nikwambie ununue regulata. Sikwambii.

Kila kifaa kwenye orodha yako kiulize: je, ubora wake unategemea umbo la mwili wangu? Maski ndiyo, kabisa. Buti na mapezi ndiyo. Wetisuti ndiyo. Regulata hapana, hewa inayotoka ni ile ile kwa mdomo wangu na wako. Mtungi hapana, na tena ni mzito kusafiri nao na una ukaguzi wake wa mara kwa mara. Vinavyotegemea mwili nunua kwanza. Vingine kodi huku unajifunza.

Maski. Usidanganywe na rangi wala jina. Rudisha mkanda mbele ya kioo usikuguse, weka maski usoni kama unavyoweka sahani kwenye meza, vuta pumzi kidogo kwa pua kisha acha mikono. Ikikaa yenyewe bila wewe kuendelea kuvuta, hiyo ina uso wako. Ikianza kuteleza ndani ya sekunde chache, rudisha rafuni hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Halafu rudia jaribio ukiwa na kitu cha kung'ata mdomoni, kwa sababu ukishang'ata regulata mashavu hubadilika umbo. Hapo ndipo nyingi zinafeli.

Pindo liwe la silikoni na kioo kiwe kimeandikwa kuwa ni cha tempa. Ile nafasi ya ndani ikiwa ndogo, kutoa maji ni pumzi moja ya pua. Pua lazima iwe ndani ya maski. Miwani ya kuogelea haifai hata kwa mita 3, maana presha ikipanda huna namna ya kupulizia hewa ndani na macho yatavutwa.

Maski mpya huwa na utando mwembamba wa silikoni kwenye kioo kutoka kiwandani. Usipousugua, kioo kitaingia ukungu kila mbizi hadi uichukie. Dawa ya meno ya kawaida nyeupe, isiyo ya jeli, sugua ndani kwa kidole, suuza, rudia mara tatu nne. Baada ya hapo mate yanatosha siku zote. Na mkanda usiukaze. Watu wakiona maji yanaingia wanakaza, pindo linajikunja, maji yanaongezeka, wanakaza tena.

Buti kabla ya mapezi. Kosa la kawaida ni kununua mapezi, kisha buti, kisha kugundua mguu hauingii. Ukizamia kutoka kwenye boti kwenye maji ya joto, mapezi ya kuvaa kama kiatu yanatosha na ni mepesi. Ukiingia kutoka ufukweni penye mawe utahitaji buti zenye soli na mapezi yaliyo wazi kisiginoni. Mkanda wa springi ni bora kuliko wa kifungo cha kukaza, huvuti chochote ukiwa unayumba na mtungi mgongoni. Pezi refu na gumu sana kwa mguu usiozoea ni mwaliko wa mkakamao wa misuli katikati ya mbizi.

Kompyuta. Hii haitegemei umbo la mwili, lakini ndiyo ningeiweka ya tatu. Sababu nitaieleza jioni, kuna mteja amesimama hapa.

#4 MzeeWaKinaKifupi

Fundi, kwa heshima zote hapo kwenye regulata nakupinga. Ndicho kifaa kinachomweka mtu hai. Unamwambia kijana anunue buti kwanza na kuhusu pumzi zake aamini kitu kilichong'atwa na watu mia? Mimi nilianza na regulata na sijuti.

#5 MgeniWaKina

Mzee, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mbizi yangu ya tano nilikodi regulata iliyokuwa ikitoa mapovu pembeni muda wote. Niliambiwa "ni kawaida". Ni kawaida kweli?

#6 FundiOringi

Nimerudi. Mapovu kutoka kwenye vali ya kutolea pumzi unapopumua nje, kawaida. Mapovu ya mfululizo hata usipopumua si kawaida, kuna mahali panavuja. Ukiyaona ukiwa bado juu, omba nyingine. Hakuna haja ya kuogopa kuonekana msumbufu.

Mzee, sikatai kwamba regulata ni pumzi. Ila angalia inavyofanya kazi. Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, inashusha presha kutoka bar 200 hivi hadi bar 9 au 10 juu ya presha ya maji uliyomo. Hatua ya pili, unayoing'ata, inashusha kilichobaki hadi unachoweza kuvuta. Vali ya hatua ya pili imepangwa ifunguke kwa kusukumwa na hewa yenyewe. Kiti cha hatua ya kwanza kikichakaa, presha ya kati inapanda na hewa inaanza kumwagika mdomoni bila kuitwa. Yaani kasoro ya kawaida ni hewa kuzidi. Inatisha na inamaliza mtungi haraka, lakini unaendelea kuvuta huku unapanda na mwenzako, na kwenye kozi ulifundishwa.

Regulata inataka kuhudumiwa, kwa kawaida kila mwaka au kila miaka miwili kulingana na mtengenezaji, hata kama imelala kabatini. Mtu wa mbizi 6 kwa mwaka analipa huduma ya kifaa asichokitumia. Ninaletewa za namna hiyo kila msimu: mpya kabisa kwa nje, na chumvi kavu ndani, kwa sababu mwenye nayo aliisuuza huku akibonyeza kitufe cha kumwagia hewa. Ukibonyeza bila presha ndani unaifungulia maji mlango hadi kwenye mpira wa hewa.

Kwa hiyo Mgeni, kabla ya kila mbizi ya regulata ya kukodi fanya haya. Kabla ya kuifunga kwenye mtungi, kifuniko cha vumbi cha hatua ya kwanza kikiwa kimefungwa, vuta kwa mdomo. Hewa isiingie kabisa. Ikiingia kuna diaframu iliyotoboka au vali isiyofunga. Kisha ifunge kwenye mtungi, fungua mtungi, pumua mara nne tano ukiitazama geji. Sindano ikicheza kila unapovuta, vali ya mtungi haijafunguka vizuri au kuna kizuizi. Pumua na ile hatua ya pili ya akiba pia. Watu hawaijaribu kamwe, na ndiyo atakayopewa mwenzako siku ya shida.

#7 MzeeWaKinaKifupi

Sawa, hapo kwenye kuvuta na kutazama geji nakubali. Lakini siku akinunua, mwambie anunue ya DIN asije akarudia kosa langu la klampu.

#8 FundiOringi

Hilo tunakubaliana. Kwa asiyejua: klampu inabana juu ya vali ya mtungi, na mwisho wake ni bar 232. DIN inaingia kwa skrubu ndani ya vali, na yenye nyuzi 7 inafika bar 300. Tofauti ninayoipenda ni oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa isivuje. Kwenye klampu, oringi iko kwenye mtungi, nayo imekutana na kila mtu. Kwenye DIN, oringi iko kwenye regulata yako, unaijua umri wake. Ukikuta mitungi ya klampu, adapta ndogo inamaliza kazi.

Jambo la pili ni balansi. Hatua ya kwanza isiyo na balansi huanza kuwa nzito kuvuta kadiri mtungi unavyoisha na kina kinavyoongezeka. Yenye balansi haibadiliki. Kwa maji baridi chini ya digrii 10 tafuta iliyofungwa ndani, maji yasiguse springi. Zile za kipimo cha Ulaya cha EN 250 ambazo hazikujaribiwa kwenye baridi zimechongwa ">10°C" kwenye mwili wake. Soma chuma kabla ya kusoma tangazo.

Na kompyuta niliahidi. Inahesabu naitrojeni mwilini mwako kutoka mbizi ya asubuhi hadi ya jioni na ya kesho yake. Ukikodi moja leo na nyingine kesho, ya kesho inadhani umetoka kulala. Kutumia ya mwenzako pia hapana, yeye alikaa mita 12 wakati wewe ulichungulia mita 17. Unayohitaji ni kuonyesha kina, muda, muda uliobaki bila kulazimika kusimama njiani, na kelele ukipanda kwa kasi kuliko mita 9 kwa dakika. Iwe na hesabu ya naitroksi, ile hewa yenye oksijeni zaidi, utaisomea tu mbeleni. Iwe na tarakimu kubwa. Na uliza betri: unabadilisha mwenyewe, unachaji, au inapelekwa kwa fundi? Hayo ya rangi na dira na kutuma kwenye simu ni mapambo, ingawa mimi mwenyewe ninayo ya rangi na sitaki maswali.

#9 BintiKasa

Naona wanaume mmeongea kurasa nzima na hakuna aliyegusa BCD na risasi za kuongeza uzito. Ngoja niseme.

BCD yangu ya kwanza nilinunua kwa sababu ilikuwa na punguzo, saizi moja juu ya yangu. Dukani nilivaa juu ya fulana, ikakaa poa. Mara ya kwanza majini nikaijaza juu ya maji, ikapanda yenyewe hadi mabega yakafika masikioni, mimi nimebaki ninaning'inia ndani kama mtoto kwenye kanga iliyolegea. Kidevu majini. Nilikaza kila kamba, mtungi ukawa unacheza kushoto kulia mbizi nzima.

Kwa hiyo dukani, mgeni: vaa juu ya wetisuti unayotumia. Funga kila kitu. Ijaze hewa hadi ile vali ya usalama ianze kupumua yenyewe. Kisha vuta pumzi ndefu. Ikikubana kifua ni ndogo. Mtu aishike mabegani ainyanyue. Ikiondoka kwako zaidi ya vidole vichache ni kubwa. Bila kutazama, tafuta kitufe cha kujaza, cha kutoa, na kamba za vali za nyuma. Na jifunze kuchomoa ule mpira wa inflata, unaoleta hewa kwenye BCD, kwa mkono mmoja. Kitufe kikikwama kinajaza, huna muda wa kufikiri.

Dada mwenye kiuno kifupi au nyonga pana, jaribu pia za mabawa zenye hewa mgongoni tu. Kifua kinabaki huru. Juu ya maji zinakusukuma kidogo uso mbele, utazoea kuegemea nyuma.

Wetisuti: maji hunyonya joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo hata maji unayoyaita ya joto yatakutetemesha mbizi ya tatu ya siku. Unene, mm 3 kwa maji ya joto, 5 kwa ya wastani, 7 kwa ya baridi, ila kila mtu na mwili wake. La maana ni ibane. Mkono wangu ukiingia mgongoni juu ya kiuno na kuzunguka, hapo maji yatazunguka pia. Ikiwa kavu inatakiwa ikusumbue kuvaa.

#10 MgeniWaKina

Dada asante sana. Risasi nazo? Kwenye kozi nilipewa kilo 10 na bado nilikuwa ninahangaika.

#11 BintiKasa

Ulikuwa unahangaika *kwa sababu* ya kilo 10, mdogo wangu. Risasi nyingi zinataka hewa nyingi kwenye BCD, hiyo hewa inapanuka ukipanda na kubanwa ukishuka, kwa hiyo kila mita unabonyeza kitu.

Ingia na vifaa vyote, kina kisichofika chini, BCD tupu, regulata mdomoni, pumzi ya kawaida umeishika. Maji yawe usawa wa macho. Ukipumua nje uanze kuzama polepole. Kama unazama ukiwa umeshika pumzi, toa kilo moja, rudia. Ukifanya na mtungi umejaa, kumbuka hewa nayo ina uzito: mtungi wa alumini wa lita 11.1 ukitoka bar 200 hadi 50 umepoteza kilo 2 hivi. Hiyo iongeze, usije ukaelea kama boya mita 5 wakati unatakiwa utulie pale dakika 3 kabla ya kutoka. Mtungi wa chuma unataka risasi chache zaidi kuliko wa alumini. Maji matamu yanataka chache kuliko ya chumvi. Andika daftarini kila mara: wetisuti gani, mtungi gani, kilo ngapi.

#12 Pono

Na vya mkono wa pili je? Kuna jamaa anaacha kuzamia, anauza kila kitu.

#13 FundiOringi

Maski haina siri, kama inakukaa chukua. Mapezi kunja uone kama yana nyufa. BCD ijaze, iache usiku kucha, asubuhi iwe bado ngumu.

Regulata sasa. Vuta vile vifuniko vya mpira kwenye ncha za mipira ya hewa, nyufa na kutu hujificha pale. Kisha tazama kichujio, kile kidude cha shaba chenye vitundu mahali hewa inapoingilia. Kikiwa cha rangi ya kijani, maji ya chumvi yalipita. Kikiwa na wekundu wa kutu, kuna mtungi wa chuma uliooza ndani uliounganishwa nayo. Wiki jana nililetewa moja "imetumika mara mbili tu", kichujio kijani kama mwani. Na uliza kama vipuri vya huduma bado vinatengenezwa. Bei ya huduma iongeze kwenye bei ya muuzaji ndipo ulinganishe. Mtungi, soma tarehe ya jaribio la presha iliyogongwa begani.

#14 KiooCha4

Samahani kuingilia, mimi navaa miwani ya macho mafupi. Maski nitafanyaje?

#15 BintiKasa

Chagua yenye vioo viwili vinavyotoka, kuna vioo vya namba vilivyo tayari, hupanda kwa nusu nusu. Majini vitu huonekana vikubwa kwa theluthi hivi, kwa hiyo mwenye namba ndogo wakati mwingine hahitaji chochote. Lenzi laini za jichoni nazo watu wanatumia, funga macho tu ukitoa maski. Jaribio la pua la Fundi halibadiliki.

#16 MgeniWaKina

Mrejesho, wakuu.

Nilijaribu maski 11. Muuzaji alianza kunitazama vibaya kwenye ya 6. Ile niliyoipenda mtandaoni, nyeusi ya kioo kimoja, ilishika nikahesabu hadi tatu ikaanguka mkononi. Iliyonikaa ni ya kijivu, ya kawaida, haina hata sura. Nilipong'ata regulata ya pale dukani ikaachia upande wa kushoto chini ya pua, kumbe ni masharubu. Nimenyoa.

Buti nimenunua. Mapezi bado, nimekodi aina mbili tofauti nilinganishe. Kompyuta nimechukua ya tarakimu kubwa, betri nabadilisha mwenyewe. Hela iliyobaki imeingia kwenye boya la kuashiria na spuli yake, na mkasi, siyo kisu. Pono ameshinda.

Jumamosi nilifanya kipimo cha risasi. Nilianza na 10, nikashuka chini kama nanga. 8, bado. 7, maji usawa wa paji. 6, macho. Dada, yaani kilo 4 nzima nilikuwa ninabeba bure. Mbizi iliyofuata nilitoka na bar 80 wakati huwa natoka na 50, njia ile ile, muda ule ule.

Swali moja dogo kwa Fundi: nimemwona mwenye boti anakausha kifuniko cha vumbi kwa kukipulizia hewa ya mtungi, kelele ile ya "fyuuu". Ni sawa?

#17 FundiOringi

Si sawa, inasukuma matone kwenye kichujio kama kipo karibu. Kifute kwa kitambaa kikavu, kisha kifunge. Na hongera ya masharubu.